Fuvu la kichwa, kizuizi katika tiba ya kiharusi

WAKAZI wa kaunti za Kisii na Nyamira hawahitaji kufundishwa kwamba fuvu humzuia tabibu kuufikia ubongo. Kwa vizazi vingi, wapasuaji wa jadi wa Abagusii, waitwao ababari, walichana ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa polepole hadi utando unaofunika ubongo ukaonekana, bila kuutoboa. Waliotibiwa aghalabu walikuwa watu walioumwa kichwa kwa muda mrefu baada ya kupigwa au kuanguka. Mnamo 1985 daktari wa upasuaji David Furnas na wenzake waliueleza ustadi huo katika jarida la kitabibu la Marekani.

Kiharusi, hata hivyo, hakitibiwi kwa kukwangua mfupa. Aghalabu husababishwa na donge la damu lililoziba mshipa ndani ya ubongo. Dawa ya kuyeyusha donge hilo, alteplasi, hutolewa kwa kawaida katika muda wa saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya skani kuthibitisha kwamba ubongo hauvuji damu. Kwa mgonjwa aliyeangukia shambani, saa hizo huyoyomea njiani.

Ndipo watafiti walipotaka kuipa dawa hiyo msaidizi asiyehitaji kisu: mawimbi ya ultrasaundi, ya jamii moja na yale yanayotumiwa kumtazama mtoto tumboni. Matokeo ya jaribio lililochapishwa mwaka wa 2004, la wagonjwa 126, yaliwatia moyo. Mawimbi yaliyotetema mara milioni mbili kwa sekunde yalielekezwa kwenye donge kupitia panjani, ambako mfupa ni mwembamba. Asilimia 49 ya waliopata dawa pamoja na mawimbi walifunguka mshipa kabisa au kupata nafuu kubwa kwa haraka, ikilinganishwa na asilimia 30 ya wenzao.

Huko Ujerumani, watafiti wengine walitumia mitetemo 300,000 kwa sekunde, kwa kuwa mawimbi ya kasi ndogo hupenya mfupa kwa urahisi zaidi. Jaribio hilo lilisitishwa baada ya wagonjwa 26 tu. Picha zilionyesha damu imevuja katika ubongo wa 13 kati ya 14 waliopewa dawa na mawimbi, na 5 kati ya 12 waliopewa dawa pekee.

Kosa lilikuwa wapi? Mwaka wa 2009, watafiti wa Ufaransa na Ujerumani walilitafuta kwa tarakilishi. Skani ya fuvu hugawanywa kuwa vijisehemu vidogo sana, na kila kimoja hupewa uzito wake na kasi ya sauti ndani yake. Mfupa huipitisha sauti kwa kasi kuliko ubongo, na katikati yake una vishimo kama sifongo, hivyo mawimbi hupinda, hufifia na kurudishwa. Kisha tarakilishi huyafuata hatua kwa hatua. Hesabu zilionyesha kwamba mawimbi yale ya Ujerumani yaligonga mfupa wa upande wa pili, yakarudi kama mwangwi wa genge la Manga, yakakutana na yaliyokuwa yakija na kuongeza shinikizo mahali ambapo hakuna aliyelikusudia.

Tangu hapo si kila kitu kimefaulu. Jaribio kubwa la wagonjwa 676, lililochapishwa mwaka wa 2019, halikuonyesha faida yoyote ya kuongeza ultrasaundi kwenye dawa. Kwingineko hesabu za fuvu zimezaa matunda: tangu 2016 Marekani imeruhusu ultrasaundi iliyokusanywa mahali pamoja, ikirekebishwa kwa skani ya fuvu la mgonjwa mwenyewe, kutibu aina ya ugonjwa wa kutetemeka mikono.

Kwa Mkenya liko jambo moja zaidi. Madaktari wameripoti kwamba mfupa wa panjani hauruhusu mawimbi kupita vya kutosha kwa baadhi ya watu, hasa wazee, wanawake na wenye asili ya Kiafrika au Kiasia. Modeli iliyojengwa kwa mafuvu machache ya Ulaya haiwezi kumsemea mgonjwa wa Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira, mpaka skani za mafuvu ya huku nazo zitiwe katika hesabu.