Barabara Walizorithi Waendesha Baiskeli: Tarikhi ya Njia ya Gotthard

Katika majira ya kiangazi, theluji ikishafagiliwa na vizuizi vikaondolewa, waendesha baiskeli hutoka Airolo, mji mdogo wa jimbo la Ticino upande wa kusini wa milima ya Alpi huko Uswisi, wakapanda bonde la Tremola kwa barabara ya kale iliyotandikwa mawe ya matale, pasipo lori la kuwasonga ubavuni wala honi ya kuwahimiza wapishe, hata wafike juu kwenye mapito ya Gotthard, kimo cha zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Mgeni aghalabu hudhani kuwa utulivu ule ni tabia ya mlima wenyewe tangu kuumbwa kwake. Tarikhi yaikanusha dhana hiyo, kwa kuwa njia hii kwa karne nyingi ilikuwa miongoni mwa njia zenye msongamano mkubwa baina ya Italia na nchi za kaskazini. Na utulivu wake ni kazi ya mikono ya watu, nao umezaliwa mara mbili, kila mara kwa sababu mlima ulitobolewa tumboni na shehena zikapitishwa humo.

Kilichowatisha watu wa zamani hakikuwa kilele, maana kilele chenyewe ni uwanda wenye maziwa madogo. Tishio lilikuwa korongo la Schöllenen upande wa kaskazini, ambamo mto Reuss huporomoka kwa kishindo baina ya kuta mbili za jabali. Mwanzoni mwa karne ya 13 watu wa huko walijasiri kuweka daraja la miti juu ya mto huo, na mahali ambapo jabali halikuacha hata nafasi ya unyayo wakatundika njia ya mbao iliyoshikwa kwa minyororo. Kazi hiyo ilionekana kuupita uwezo wa wanadamu, hata wazee wakasimulia kwamba daraja lilijengwa na Ibilisi kwa sharti la kupewa roho ya kwanza itakayovuka, nao wakamtangulizia beberu. Na daraja la mahali hapo huitwa Daraja la Ibilisi mpaka leo. Mwaka 1230 askofu mkuu wa Milano aliweka wakfu kanisa dogo kule juu kwa heshima ya Mtakatifu Gotthard, aliyekuwa askofu wa Hildesheim, na jina la kanisa likawa jina la mlima.

Tangu hapo watu wa mabonde ya Uri na Leventina waliifanya njia kuwa riziki yao, kama wapagazi wa Unyamwezi walivyoifanya njia ya Bagamoyo na Ujiji. Walijifunga katika vyama, wakagawana zamu za kuchukua mizigo kwa farasi na baghala, kila chama katika sehemu yake ya njia, na mwenye mali alitozwa ushuru wa kuitengeneza njia hiyo. Mvinyo na mchele vilitoka kusini. Jibini na mifugo iliyoswagwa kwa miguu ilitoka kaskazini. Mwaka 1708 mhandisi Pietro Morettini alimaliza kulitoboa jabali la Schöllenen kwa urefu wa mita 64, hilo likiwa handaki la kwanza la barabara katika Alpi, na ile njia ya minyororo ikaachwa. Mnamo Septemba 1799 jeshi la Kirusi la jemadari Suvorov lilipigana na Wafaransa katika korongo hilohilo, kwa maana njia ya biashara haikosi kuwa njia ya vita.

Lakini urithi ulio mkubwa kwa mwendesha baiskeli ni ule wa karne ya 19, zama za magari ya farasi. Kufikia mwaka 1830 majimbo ya Uri na Ticino yalikuwa yamekwisha kujenga barabara pana ya kupitisha gari, na upande wa Ticino ulisimamiwa na mhandisi Francesco Meschini. Katika Tremola barabara ile hupanda mita 300 hivi kwa kilomita 4, ikijikunja kona 24 zilizorundikana moja juu ya nyingine, na kila mkunjo umeegemezwa ukuta wa mawe ambao mahali pengine hufikia mita 8 kwa urefu. Hapa pana jambo ambalo naona linastahili kutazamwa kwa makini. Wahandisi wale hawakupima mwinuko wa barabara kwa nguvu ya injini, bali kwa pumzi ya farasi anayekokota gari lililojaa watu na mizigo. Na kwa kuwa pumzi ya farasi ina kikomo, walikubali kuirefusha njia ili kuilegeza, wakiuzunguka mteremko badala ya kuukabili uso kwa uso. Baiskeli ilikuwa haijapata kuwa na mnyororo wala pedali, nayo ikatayarishiwa barabara inayolingana na kifua cha mwanadamu. Barabara iliyopimwa kwa ajili ya motokaa haina huruma hiyo.

Kuanzia mwaka 1842 gari la posta la farasi watano lilivuka mlima kila siku, na mwaka 1873 mchoraji Rudolf Koller alilichora likishuka kwa kasi, ndama akilikimbia mbele katikati ya vumbi, katika picha ambayo Waswisi wengi huijua toka utoto wao. Wakati Koller anachora picha hiyo, waliotumwa kuliua gari lile walikuwa wamekwisha kuanza kazi chini ya mlima. Handaki la reli, lenye urefu wa kilomita 15, lilichimbwa tangu 1872 hadi 1882 chini ya Louis Favre, ambaye alifariki humo handakini mwaka 1879 kabla ya kuuona mwanga wa upande wa pili. Wachimbaji walikuwa Waitalia kwa wingi; karibu watu 200 walikufa katika kazi hiyo, na mwaka 1875 walipogoma huko Göschenen walipigwa risasi, wanne wakafa. Siwezi kuusifu utulivu wa barabara ya juu bila ya kuwataja watu hawa waliounununua kwa maisha yao, ingawa si wao waliokuja kuufaidi.

Gari la moshi lilipoanza kupita mwaka 1882, kule juu kukanyamaza. Ilibaki barabara timamu, yenye madaraja na kuta zake, isiyo na wa kuipita. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1885, John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli ya magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa kuliendesha gurudumu la nyuma, nayo ndiyo mama wa baiskeli zetu za leo. Chombo na njia vikakutana katika wakati wake. Huko Ufaransa Paul de Vivie wa Saint-Étienne alitetea kwa kalamu na kwa miguu yake matumizi ya gia nyingi milimani, ilhali Henri Desgrange, mwasisi wa mashindano ya kuizunguka Ufaransa, aliwanyima washindani kifaa cha kubadilishia gia mpaka mwaka 1937. Kwa maoni yangu haki ilikuwa kwa de Vivie, kwani gia ndiyo iliyowafungulia milima watu wa kawaida.

Ukimya wa kwanza haukudumu, kwa sababu motokaa ilikuja. Jimbo jirani la Graubünden lilisimama imara kuliko yote: mwaka 1900 lilipiga marufuku motokaa katika barabara zake zote, na wananchi, walipoulizwa kwa kura mara baada ya mara, walishikilia neno lao hadi 1925, na katika muda huo mwenye motokaa aliyetaka kupita huenda alilazimika kuifungia farasi waikokote. Wako wanaowacheka watu wale kuwa waliogopa maendeleo. Mimi nawaona kuwa ni watu waliojua kuwa barabara ni mali ya wote, na kwamba anayekuja kwa kishindo hana budi kuomba ruhusa kwa waliomtangulia. Gotthard haikupata kinga ya namna hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili misururu ya magari ya wasafiri iliijaza Tremola, ikajengwa barabara mpya pana kando yake, na tarehe 5 Septemba 1980 likafunguliwa handaki la motokaa la kilomita 16.9. Malori yakazama chini, na mlima ukanyamaza mara ya pili. Tremola haikufungiwa motokaa, walakini wenye haraka hawana haja nayo, nayo yahifadhiwa kama jengo la kihistoria.

Ghasia, hata hivyo, haikufa. Ilihamia mabondeni, kwenye vijiji ambavyo barabara kuu hupita karibu navyo usiku na mchana. Mwaka 1994 Waswisi walipiga kura kwamba shehena zinazovuka nchi yao zipande reli, na hilo limetimia nusunusu. Oktoba 2001 malori mawili yaligongana ndani ya handaki, moto ukaua watu 11, na handaki likafungwa karibu miezi miwili. Mwaka 2016, mwaka uleule lilipofunguliwa handaki jipya la reli la kilomita 57, wananchi walikubali kwa kura kuchimbwa handaki la pili la motokaa kando ya lile la 1980, kwa sharti kuwa kila moja litatumia mkondo mmoja tu wa magari, ili idadi yao isipate kuzidi. Uchimbaji unaendelea sasa, na waliopiga kura ya hapana wanangoja kuona kama sharti hilo litashikwa siku foleni zitakapokuwa ndefu.