Thimlich Ohinga: Boma la Mikono Mingi

Siku ya soko pale Sondu, bei ya fahali mmoja hujadiliwa kwa Kijaluo, kwa Kikipsigis na kwa Kigusii, kisha mapatano yakafungwa kwa Kiswahili. Mto Miriu unapita hapo hapo ukielekea Ziwa Victoria, na barabara kuu itokayo Ahero inauvuka, ikaendelea hadi Oyugis, Kisii na Migori. Sisi wa barabara hiyo tumezoea kuwasikia watu wakizisifu ngome za pwani, na Fort Jesus inastahili sifa zake. Lakini ukanda wetu wa ziwa una ngome yake, takriban kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Jina lake ni Thimlich Ohinga, na tangu mwaka 2018 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Kila tunapoukumbuka mwaka huo, historia yake yafaa isimuliwe tena kwa watoto wetu.

Jina lenyewe ni la Kijaluo. Thimlich ni msitu mnene wa kutisha, na ohinga ni boma la mawe, mahali pa kukimbilia hatari inapobisha hodi. Wataalamu wanakadiria kwamba boma hili lilijengwa katika karne ya 16. Wala halikuwa peke yake: katika eneo lililoitwa Nyanza Kusini kumehesabiwa mabaki ya kuta kama hizi zaidi ya 500, yametawanyika katika sehemu zaidi ya 130. Mengi yamebomoka. Thimlich ndilo kubwa na lililohifadhika kuliko yote, likiwa na maboma manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch.

Kuta zake zina urefu wa kati ya mita 1.5 na 4.5 kwenda juu, na unene wa wastani wa mita moja. Ukizikaribia unaona kwamba mawe hayakuchongwa. Yalitumiwa jinsi yalivyookotwa, na hakuna saruji wala chokaa kati yake. Fundi alipanga safu mbili, ya nje na ya ndani, kisha nafasi iliyobaki katikati akaishindilia mawe madogo. Jiwe likabana jiwe. Palipokuwa na hofu ya ukuta kuyumba, aliupinda au akauongezea mwegemeo wa mawe. Ukuta uliojengwa hivyo hauna kitu kingine cha kuushikilia ila uzito wake na akili ya aliyeupanga.

Lango ni fupi. Mtu mzima huingia ameinama, kichwa kikitangulia chini ya mawe yaliyolazwa juu ya mlango, na karibu na hapo palikuwa na mahali pa mlinzi. Adui hakuweza kupita huku ameinua mkuki. Ndani, kuta nyingine fupi ziligawa uwanja: hapa nyumba, pale zizi la ng'ombe. Mashimo yaliyobonyea ardhini yanaonyesha nyumba zilipokuwa, na mawe ya kusagia nafaka bado yana vidimbwi vilivyochimbwa na mikono ya akina mama, msimu baada ya msimu. Kulikuwa pia na eneo la kufulia chuma. Ushanga wa kioo uliopatikana hapo unaonyesha kwamba hata ndani ya kuta hizi, watu walifikiwa na biashara ya mbali.

Je, boma hili ni la nani? Wanahistoria wanaeleza kwamba waliotangulia kulikaa walikuwa watu wa jamii za Kibantu, kisha wakaja Wajaluo. Waliofika baadaye hawakuzibomoa kuta ili wajenge zao. Walizikarabati, wakaongeza sehemu, wakarekebisha nyingine, wakaishi humo na mifugo yao. Kila kundi lilipokea kazi ya wageni likaitunza kama kazi ya baba zake, na ndiyo maana leo kuna kitu cha kutazama. Ukuta usio na chokaa hauwezi kudumu miaka mia nne kwa ustadi wa aliyeuanza peke yake. Jiwe huanguka, na lazima awepo mtu wa kuliinua.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 wakazi wa mwisho walihama. Vita vya koo na wizi wa mifugo vilikuwa vimepungua, na familia zikatawanyika kujenga makazi yao wenyewe, zikizungushia ua wa ojuok, ule mmea wa utomvu mweupe. Thimlich ikabaki na wazee waliojua habari zake, na miti iliyoota hadi ndani ya kuta.

Mwaka 1981 serikali iliitangaza kuwa eneo la kumbukumbu la kitaifa, chini ya uangalizi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwaka 2000 shirika la World Monuments Fund liliitaja miongoni mwa maeneo 100 ya dunia yaliyo hatarini zaidi, kwa kuwa mizizi na miti iliyoanguka ilikuwa ikizivunja kuta. Kazi ya ukarabati ikafuata, mafundi wakirudisha mawe kwa mtindo ule ule wa kale. Hatimaye, katika mkutano wa UNESCO uliofanyika Manama, Bahrain, mwaka 2018, ikawa eneo la saba la Kenya kuingia katika urithi wa dunia.

Leo lango lile fupi liko wazi kwa yeyote. Wanafunzi huletwa kwa mabasi, watafiti huja na kamera zao, na wazee wa jamii bado wana nafasi yao katika kulitunza boma. Anayetoka Kisumu anaweza kuanza kwa makumbusho ya mjini, yaliyofunguliwa mwaka 1980, aione nyumba ya Kijaluo ndani ya ua wake, kisha asafiri kusini aone ua huo ulitokana na nini.

Sisi wa Sondu tuna sababu zaidi ya kwenda. Tumewahi kuzika watu kwa ugomvi wa mpaka kati ya jamii zetu, katika soko ambalo linatulisha sote. Twende na watoto wetu, tuiname pamoja langoni, tuwaonyeshe pale ambapo mawe ya waliotangulia yamekutana na mawe ya waliofuata. Tuwaache watafute wenyewe mshono ulipo. Watauzunguka ukuta wote.