Jiwe la Mwezi: Je, Chema Chajiuza?

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika insha hii ninaipima methali hiyo kwa historia ya jiwe la mwezi, kito chenye weupe wa maziwa ambacho ukikigeuzageuza mkononi huonyesha mwanga wa samawati unaotembea ndani yake. Hoja yangu ni kwamba uzuri wa jiwe hili ulikuwapo siku zote, lakini thamani yake imetegemea watu waliolisimulia.

Kwanza tulielewe jiwe lenyewe. Ni la jamii ya madini yaitwayo feldspa, ambayo yamejaa katika miamba ya dunia. Lilipokuwa likipoa ardhini, madini mawili, othoklezi na albaiti, yalijitenga yakawa matabaka membamba yaliyopandana. Mwanga ukiingia hutawanywa na matabaka hayo: yakiwa membamba sana huonekana samawati, yakiwa manene huonekana mweupe. Ndiyo sababu mafundi hawalichongi kwa pembe nyingi kama almasi, bali hulisugua liwe na mgongo wa mviringo ili mwanga huo uelee juu. Si jiwe gumu. Katika kipimo cha Mohs lina 6 hadi 6.5, ilhali almasi ina 10, na likigongwa hupasuka kwa urahisi.

Jiwe la namna hiyo lilihitaji hadithi. Huko India liliitwa kwa Kisanskriti chandrakanta, yaani kipenzi cha mwezi, na iliaminika kwamba hutoa maji linapomulikwa na mbalamwezi. Huko Roma, Pliny, aliyefariki mwaka 79, aliandika habari za jiwe lenye sura ya mwezi ndani yake, linalokua na kupungua pamoja na mwezi wa angani, ikiwa yasemwayo ni kweli. Hata jina lenyewe lilikuwa na mvuto wake. Mwaka 1868 Mwingereza Wilkie Collins alichapisha riwaya aliyoipa jina la jiwe la mwezi, lakini kito kinachoibwa humo ni almasi ya manjano!

Kipindi muhimu zaidi kilianzia kwetu Afrika. Almasi ziligunduliwa Afrika Kusini mwaka 1867, na baada ya migodi ya Kimberley kufunguliwa, Ulaya ilifurika almasi. Utajiri wa mtu ukapimwa kwa ukubwa wa almasi alizovaa. Baadhi ya mafundi waliukataa mtindo huo. Huko London, C. R. Ashbee alianzisha chama cha mafundi wa mikono mwaka 1888. Huko Paris, René Lalique aling'ara katika maonyesho ya mwaka 1900 kwa mapambo ya pembe, kioo na mawe ya bei nafuu, jiwe la mwezi likiwamo. Huko Copenhagen, Georg Jensen, aliyefungua karakana yake mwaka 1904, alilipachika kwenye fedha. Kwao, thamani ya pambo ilikuwa kazi ya mkono na ubunifu, wala si uzito wa jiwe.

Ninaukubali msimamo wao, lakini nina swali: mikono ya nani ilihesabiwa? Mawe ya samawati yaliyosifika zaidi yalitoka Sri Lanka, na hadi leo kijiji cha Meetiyagoda, kusini mwa kisiwa hicho, kinajulikana kwa mawe hayo. Wachimbaji hushuka katika mashimo yaliyotegemezwa kwa mbao, hupandisha udongo, huuosha, kisha huchambua vijiwe kimoja kimoja. Hiyo nayo ni kazi ya mkono. Hata hivyo, jina la Lalique limeandikwa katika jumba la makumbusho la Gulbenkian mjini Lisbon, nayo majina ya wachimbaji hatuyasomi popote.

Hadithi inaweza hata kulitenga jiwe na ardhi yake. Mwaka 1970 jimbo la Florida, Marekani, lilifanya jiwe la mwezi kuwa kito chake rasmi, kwa sababu wanaanga waliofika mwezini walirushwa kutoka huko. Jiwe hilo halipatikani Florida.

Mfano wa karibu nasi ni tanzanaiti. Ilianza kuchimbwa Merelani, Tanzania, mwaka 1967, lakini jina lake la biashara lilitolewa mwaka 1968 na kampuni ya Tiffany ya New York.

Kwa kuhitimisha, naona methali yetu ina ukweli nusu. Chema hakijiuzi peke yake. Huuzwa na yule aliyepata nafasi ya kukisimulia, naye mara nyingi ndiye apangaye bei. Nchi zetu zimejaliwa madini mengi. Sisi tunaojifunza kuandika historia tuna wajibu wa kuanza masimulizi yake shimoni, kwa watu waliochimba, kabla hatujafika dirishani mwa duka la sonara.