Victory

"Victory" ni nomino ya Kiingereza yenye maana ya ushindi, yaani hali ya kumshinda mpinzani katika vita, mchezo, uchaguzi, kesi au shindano lingine. Wingi wake ni "victories". Kiingereza kina maneno mengine yanayokaribiana nalo, hasa "win", "triumph", "conquest" na "success". Kiswahili huyatafsiri mengi kati ya hayo kwa neno moja, ushindi, lakini kwa Kiingereza hayawezi kubadilishana kila mahali.

Asili ya neno

Neno hili linatokana na Kilatini "victoria", lililotokana na kitenzi "vincere", yaani kushinda. Liliingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale wakati wa Zama za Kati. Victoria lilikuwa pia jina la mungu wa kike wa ushindi kwa Warumi. Jina hilohilo alipewa malkia Victoria wa Uingereza, na kutoka kwake likapewa ziwa kubwa la Afrika Mashariki, baada ya John Hanning Speke kulifikia mwaka 1858.

Visawe na tofauti zake

* "Win" ni neno la kawaida zaidi, hasa katika michezo. Asili yake ni Kiingereza cha kale, ambamo kitenzi chake kilimaanisha kuhangaika au kupigana.
* "Triumph" ni ushindi mkubwa wenye shangwe. Linatokana na maandamano ya Roma ya kale: jemadari aliyeshinda alipita mjini katika gari la kukokotwa na farasi wanne hadi hekalu la Jupiter.
* "Conquest" ni kuteka nchi au watu na kuwatawala.
* "Success" ni mafanikio. Halihitaji mpinzani: mkulima aliyepata mavuno mema amefanikiwa bila kumshinda mtu.

Kuna pia "Pyrrhic victory", ushindi unaomgharimu mshindi kupita kiasi. Umeitwa kwa jina la Pyrrhus, mfalme wa Epirus, aliyewashinda Warumi huko Asculum mwaka 279 KK lakini akapoteza askari wengi mno.

Matumizi katika historia

Uchaguzi wa neno huonyesha tukio lilivyokuwa. Tarehe 1 Machi 1896 jeshi la Ethiopia chini ya mfalme Menelik II liliwashinda Waitalia huko Adwa. Kwa Kiingereza tukio hilo huitwa "victory", kwa kuwa Waethiopia walilinda nchi yao. Uvamizi wa Italia wa miaka 1935-1936, uliofuatwa na utawala wa kigeni, huitwa "conquest". Mwandishi anayetumia ushindi kwa matukio yote mawili huficha tofauti hiyo. Kwa la pili ni afadhali kusema utekaji au uvamizi.

Matumizi kwa wasemaji wa Kiswahili

Kitenzi kushinda hufuatwa na shindano au na mpinzani: timu "imeshinda mechi", na pia "imewashinda wageni". Katika Kiingereza kazi hizo mbili zimegawanywa. "Win" hufuatwa na kinachogombewa, kama mechi, kombe, kesi au uchaguzi. Kwa mpinzani hutumika "beat" au "defeat". Kosa la kutumia "win" pamoja na mpinzani ni la kawaida katika insha za wanafunzi. Nomino "victory" yenyewe hufuatwa na "over" kabla ya jina la aliyeshindwa.

Kushinda mtihani ni "pass", si "win". Kushinda kwa maana ya kukaa mchana kutwa, kama katika "ameshinda shambani", hakuhusiani na "victory" hata kidogo.

Ushindi hauna umbo la wingi. Kwa hiyo "three victories" haitafsiriwi neno kwa neno. Husemwa timu imepata ushindi mara tatu, au imeshinda mara tatu.