Akii-Bua: Bingwa Aliyenyimwa Hata Nafasi ya Kushindwa

Septemba 2, 1972, mjini Munich, askari polisi wa Uganda alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani yenye kona kali isiyopendwa na waruka viunzi. John Akii-Bua akavuka viunzi vyote 10 vya mita 400 kwa sekunde 47.82, wa kwanza duniani kumaliza chini ya sekunde 48. David Hemery wa Uingereza, bingwa mtetezi aliyeshikilia rekodi, aliambulia shaba. Baada ya utepe Akii-Bua aliendelea kukimbia, akiruka viunzi ambavyo havikuwepo. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Uganda; ya pili ilikuja miaka 40 baadaye.

Wapo wanaosema alififia kama mabingwa wote wanavyofifia. Ushahidi unakataa. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwemo, ziliisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilizuru Afrika Kusini ya makaburu, haikufukuzwa. Edwin Moses wa Marekani akachukua dhahabu na rekodi ya dunia. Nyumbani nako, medali ilimpatia Akii-Bua cheo na nyumba, lakini si usalama: alitoka Lango, kwao Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Idi Amin. Mwaka 1979, utawala wa Amin ukiporomoka mbele ya majeshi ya Tanzania, alikimbilia Kenya na kuishia kambi ya wakimbizi, mpaka kampuni ya viatu ya Puma ilipomsaidia kufika Ujerumani. Alipoonekana tena kwenye Olimpiki, Moscow 1980, aliishia nusu fainali.

Mtu atasema Moses angemshinda tu. Huenda; lakini kushindwa uwanjani ni haki ya mwanariadha, nayo alinyimwa. Mwingine atasema kususia kulikuwa halali. Kulikuwa halali, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele. Filbert Bayi wetu, aliyeshikilia wakati huo rekodi ya dunia ya mita 1,500, naye alibaki nje. Ila uhalali wa jambo haufuti gharama yake. Ubaguzi ungeweza kupigwa vita mwaka uliofuata na mwingine tena. Miguu ya mkimbiaji haingoji. Akii-Bua alifariki 1997, akiwa na miaka 47, akazikwa kwa heshima za taifa lililochelewa kumlinda.