Koroboi, Uniti 75 na Mtungi wa Gesi: Ruzuku ya Nishati Humfikia Nani?

Nilijifunza kusoma kwa mwanga wa koroboi. Marehemu mama yangu alinunua mafuta ya taa kwa kipimo cha kopo, si kwa lita. Bei ilipopanda hakuacha kununua. Alishusha utambi na kutuhimiza tulale mapema. Nimeanza na kumbukumbu hiyo kwa sababu historia ya misaada ya nishati nchini Tanzania huandikwa kwa lita, uniti na mabilioni, ilhali mlengwa wake hununua kwa kopo. Kati ya vipimo hivyo viwili kuna mambo mengi ambayo watunga sera wetu hawakuyaona, au waliyaona wakayapita.

Katika miaka ya Ujamaa, dola ilimkinga mnyonge kwa kupanga bei. Tume ya Bei iliundwa mwaka 1973, mwaka ule ule ambao bei ya mafuta ghafi duniani ilianza kupaa. Kinga hiyo ilikuwa na kasoro yake: bei ilipangwa, lakini bidhaa yenyewe mara nyingi haikuonekana dukani. Baada ya mageuzi ya uchumi, soko la mafuta lilifunguliwa mwaka 2000, na kuanzia mwaka 2009 EWURA ikawa inatangaza bei kikomo. Hata hivyo, wazo moja la zamani lilibaki: mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kwa kuwa yalihesabiwa kuwa mafuta ya maskini.

Unafuu huo ndio uliozaa uhalifu uliotupatia neno maarufu, kuchakachua. Wafanyabiashara walichanganya mafuta ya taa na dizeli, wakauza mchanganyiko huo kwa bei ya dizeli, na tofauti ya kodi ikaingia mifukoni mwao. Magari yaliharibika na Hazina ikapoteza mapato. Katika bajeti ya mwaka 2011/12 Serikali ilipandisha ushuru wa bidhaa wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi zaidi ya shilingi 400 kwa lita, ili bei yake ikaribiane na ya dizeli. Faida ya kuchanganya ikatoweka.

Kwa hesabu za Hazina, hatua hiyo ilifanikiwa, na sitabeza mafanikio yake. Lakini hebu tujiulize ni nani aliyelipa gharama. Mchakachuaji alipoteza njia moja ya kujipatia fedha. Mwenye koroboi, ambaye hakuchanganya chochote, alipandishiwa gharama ya mwanga kila usiku. Adhabu iliwekwa kwenye bidhaa kwa sababu kumsaka mkosaji kulikuwa kugumu zaidi. Jirani zetu wa Kenya walipita njia hiyo hiyo mwaka 2018, walipoweka tozo ya shilingi 18 za kwao kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa hoja ile ile ya kuzuia uchakachuaji. Nchi mbili, miaka saba kati yao, na mlipaji ni yule yule.

Atakayesema kwamba koroboi imepitwa na wakati, na kwamba moshi wake ni sumu, atakuwa amesema kweli. Basi tuutazame umeme. Tangu mwaka 2014 mtumiaji mdogo wa nyumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, ametengewa bei ya shilingi 100 kwa uniti. Kwa amri ya bei ya mwaka 2016, mteja wa kundi la kawaida alitozwa shilingi 292. Hii ni ruzuku iliyokusudiwa vyema. Lakini ruzuku hiyo humtambua mtumiaji kwa mita, na maskini wa mjini hana mita. Ana chumba.

Chukua nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na mita moja ya LUKU. Kila mpangaji akitumia uniti 25 tu, mita itasoma uniti 150, na nyumba nzima itawekwa katika kundi la kawaida. Uniti 25 ambazo zingemgharimu kila mmoja shilingi 2,500 zitamgharimu shilingi 7,300, kabla ya kodi na tozo. Wakati huohuo, mtu mwenye nyumba ya mapumziko anayolala mara mbili kwa mwezi ataendelea kufurahia bei ya mnyonge. Hakuna aliyevunja sheria. Ni kipimo tu ndicho kilichochaguliwa vibaya.

Mwaka 2022 bei ya mafuta ilipopanda duniani, Serikali ilianza mwezi Juni kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Ruzuku hiyo ilizuia nauli na bei za vyakula zisipande zaidi, na hilo lilimgusa kila mtu. Lakini ruzuku inayotolewa kwenye pampu humpa zaidi anayejaza tangi kubwa. Nchi haikuwa gizani kuhusu maskini wake: Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaosimamiwa na TASAF tangu mwaka 2012, ulikuwa na orodha ya kaya zaidi ya milioni moja na njia ya kuzifikishia fedha.

Sasa tuko katika zama za nishati safi ya kupikia. Mkakati uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo mwaka 2034, na mitungi ya gesi inauzwa kwa bei ya ruzuku. Naliunga mkono lengo hilo, kwani moshi wa kuni umewatesa mama zetu vya kutosha. Hofu yangu ni ile ya koroboi. Mtungi hununuliwa mara moja, gesi hujazwa kila inapokwisha. Mama anayenunua mkaa wa siku moja kwa fedha ya siku hiyo hawezi kukusanya kwa mkupuo fedha ya kujaza mtungi, hata kama mwisho wa mwezi atakuwa ametumia fedha ile ile kwenye mkaa. Mtungi wake utageuka kigoda.

Kwa hiyo ninawaomba watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, kabla ya kuandika waraka mwingine wa ruzuku, wajibu maswali matatu. Mlengwa hununua nishati kwa kipimo gani? Jina lake liko kwenye mita, kwenye pampu, au halipo kabisa? Na ruzuku ikichezewa na wajanja, nani ataadhibiwa? Mwaka 2011 swali la tatu lilijibiwa bila mama yangu kuulizwa.