Ajira, Ridhaa na Ukimya: Funzo la Ebola Mashariki mwa Kongo, 2018–2020

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 ulimalizika Juni 2020, baada ya vifo 2,287. Mwaka 2021, tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani iliripoti watuhumiwa 83 wa unyonyaji na unyanyasaji wa kingono, 21 kati yao wakiwa waajiriwa wa shirika hilo. Wanawake kadhaa walieleza kuwa waliahidiwa ajira kwa sharti la ngono.

Kanuni haikukosekana: Umoja wa Mataifa ulikuwa umepiga marufuku vitendo hivyo tangu 2003. Hata hivyo, aliyegawa kazi ndiye aliyeweza kuiondoa, na kumshtaki kulikuwa kuhatarisha riziki. Katika mazingira hayo, neno “ridhaa” hupoteza maana yake.

Kwa hiyo, katika milipuko ijayo, njia ya kulalamika itangulie ajira, isimamiwe na wasioajiri, na ielezwe kwa Kiswahili cha mahali pamoja na lugha za jamii. Haki isiyoeleweka kwa mwenye nayo haiwezi kudaiwa.